Mabega ya Mjomba

Mimi sikusoma sana, darasa la nne niliishia katikati, lakini mabega yangu yalisoma. Kabla sijawa na lori, kabla sijajenga nyumba ya bati yenye baraza la saruji pale Nachingwea, nilikuwa mchukuzi kwenye ghala la korosho. Mwanzoni mwa miaka ya tisini gunia nilikuwa nalitupia begani mwenyewe, sisaidiwi na mtu, napanda nalo ubao mpaka juu ya gari huku naimba. Waulizeni waliokuwepo. Wengine bado wapo, na wakibisha jueni ni wivu.

Kutoka kubeba magunia ya watu nikaanza kununua ya kwangu. Nilikwenda Chiola kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, baadaye kwa gari. Ufuta wa Mandawa niliujua kabla wanunuzi wa Dar es Salaam hawajaijua njia. Na kadiri mali ilivyoingia, tumbo nalo lilitoka. Sikulionea haya. Mkulima akimwona mnunuzi mwenye kitambi anamletea ufuta wake bila wasiwasi, maana mnunuzi mwembamba anaonekana kama mtu atakayekimbia. Asubuhi nilikula supu ya mbuzi na chapati, mchana ugali wa nguvu, soda nilikuwa sizihesabu. Kutoka dukani kwangu mpaka ghalani ni mwendo wa kurusha jiwe, na mwendo huo nilikuwa naendeshwa na dereva.

Daktari mmoja kijana aliniambia nina presha, na sukari nayo inakaribia. Nikamwuliza kama yeye ana gari. Akasema hana. Nikamwambia basi haya ni maradhi ya wenye magari, yeye asihangaike nayo. Nilitoka mle ndani nacheka peke yangu.

Aliyenizima kicheko ni dada yangu. Yeye aliolewa Mandawa, mumewe akafariki na kumwacha na mtoto wa kiume wa umri wa kuchunga mbuzi na mwingine mchanga. Alikuja kwangu wakati wa palizi, yule mchanga kambeba mgongoni, kunipa habari kuwa mkubwa ataingia jandoni mwaka huo, mavuno yakiisha.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze kidogo. Sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba. Ya jandoni kwenyewe siandiki, hayaandikwi, ila siku ya kutoka kila mtu anaiona. Mtoto amenyolewa, amepakwa mafuta, amevaa nguo mpya, na siku hiyo hakanyagi chini. Mjomba wake, ndugu wa mama yake, anamweka mabegani kule pori linapoishia, anamleta na ngoma mpaka kwenye mkeka mlangoni kwa mama. Hapokelewi njiani. Mjomba akichoka, akapokelewa na mtu wa upande wa baba, mji mzima unajua mama wa mtoto yule hana kwao. Na mjane anayeishi katikati ya ndugu za marehemu mume wake, akishajulikana hana kwao, maisha yake hapo yanakuwa ya kuomba ruhusa.

Mjomba pekee nilikuwa mimi. Dada alikaa barazani, akanitazama nikishuka kwenye gari, kisha akasema taratibu, "Kaka, umeshika mlango kama mgonjwa. Kama huwezi nambie sasa, nikamwombe baba yake mdogo. Maneno yao nitajua namna ya kuishi nayo."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi niliyebeba magunia mji huu?"

"Magunia ulibeba zamani, kaka."

Alipoondoka nilimwita binti yangu wa mwisho, nikamweka mabegani, nikasema nizunguke naye uwanja wa nyumba. Nilitaka kufika chooni na kurudi. Chooni kwenyewe sikufika. Moyo ulipiga kama mtu anabisha hodi kwa hasira, macho yakaona vimulimuli mchana, nikamteremsha mtoto na kushika ukuta. Mke wangu alikuwa anachagua choroko kwenye ungo. Hakucheka wala hakusema kitu, na mimi nikimwona mwanamke yule kanyamaza najua kuna jambo amekwisha kuliamua.

Kesho yake akaniletea mwalimu wa mazoezi. Nasema wazi, mtu wa kwanza Nachingwea kuwa na mwalimu wake mwenyewe wa mazoezi ni mimi. Siku hizi nasikia vijana wa mjini wanajisifia jambo hilo. Wamechelewa. Ila mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke, mama mtu mzima aliyestaafu jeshini, kazi yake huko ilikuwa kuwakimbiza makuruta, na sasa analima ufuta wake kimyakimya. Watu wote walimwita afande. Nikamwambia mke wangu aniletee mwanamume.

"Mwanamume utampa supu na soda, mtakaa mnapiga soga," akajibu. "Huyu supu yako hainywi. Na mimi nitakuwepo, watu wasije wakasema lao."

Tukaanzia kwenye uwanja wa ndege wa zamani, alfajiri, baada ya swala. Siku ya kwanza nilikwenda na suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi vilivyong'aa, na dereva nikamwambia anifuate na gari nyuma polepole, isije ikatokea haja. Afande alivitazama viatu, akatazama gari.

"Kuruta, unakwenda kuposa?"

Nikamwambia mimi siitwi kuruta, mimi naitwa bosi. Akasema mabosi wako dukani, hapa uwanjani hajaona bosi. Akamrudisha dereva na gari lake. Nikavua viatu, nikatembea. Ndiyo, kutembea tu, maana kukimbia alinikataza. Mwezi mzima wa kwanza alinitembeza, anakwenda pembeni yangu mikono nyuma, na kila nikitaka kuongeza hatua ili wanaopita wanione nina nguvu, ananirudisha. Hatua fupi, anasema. Vuta pumzi kwa pua. Nikawa nalalamika kwamba sijamlipa anifundishe kutembea, kutembea nilijifunza kwa mama yangu. Akasema mama yangu alinifundisha vizuri, ila nimesahau.

Jikoni waliniendea kinyume wote wawili, mke wangu na afande. Supu ikaota mbawa. Ugali ukawa mdogo kama wa mtoto, pembeni kisamvu, kunde, mchicha, na soda akanywa mgeni. Wiki za mwanzo nilikuwa na hasira hata na kuku. Lakini mimi nikishika jambo nimeshika. Mwezi wa pili nikaanza kupanda na kushuka kile kilima cha kuelekea mtoni, mwezi uliofuata nikachuchumaa na kuinuka mpaka mapaja yakarudi kuwa mapaja. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine, na kila tundu nilimwonyesha mtu.

Ufuta ulipoanza kuingia ghalani, nikiwa nimebakiza wiki chache, nilifanya yangu. Wachukuzi vijana walikuwa wanapakia lori, mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia kuwa eti bosi zamani alikuwa anabeba, labda alikuwa anabeba karatasi. Nikavua shati. Nikalitupia gunia begani vilevile kama zamani, nikapanda ubao, nikalishusha juu ya gari, na wakapiga makofi, na wale waliokuwa wananikumbuka wakaniita kwa lile jina langu la ghalani. Siku ile nilikuwa mfalme. Kesho yake shingo haigeuki. Nilikwenda uwanjani natazama upande mmoja kama kuku aliyesikia mwewe.

Afande aliishika shingo ile kwa vidole viwili tu, nikapiga ukelele.

"Umebeba nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanisifu kidogo.

"Gunia limelala," akasema. "Ukiliweka hapa linabaki hapa. Mtoto ana furaha, ana woga, watu wanamwita huku na kule, anageuka. Wewe hukujiandaa kubeba mtoto. Ulikuwa unajiandaa kusifiwa."

Hilo la kusifiwa sikulipinga, kusifiwa nakupenda mpaka leo. Lakini la gunia lilinigusa, maana lilikuwa kweli. Miezi yote ile mimi kichwani nilikuwa najiona nabeba gunia. Nilikuwa nimepanga kumweka mpwa wangu upande mmoja wa shingo, kichukuzi, na kwenda mbio nimalize kabla pumzi haijaisha. Kwa mwendo ule ningemwangusha kwenye kona ya kwanza.

Akanipumzisha mpaka shingo ikalegea. Kisha akasema sasa tunahitaji mzigo unaocheza. Binti yangu alikuwa mwepesi mno, na mtoto wa jirani huwezi kumwazima ukaeleza ni wa nini. Mke wangu, aliyekuwa kimya siku zote pembeni, akafunga khanga yake vizuri.

"Nibebe mimi," akasema. "Tangu ununue gari hata uzito wangu huujui."

Tulifanyia uani kwetu, geti limefungwa, maana mambo mengine si ya kuonwa na majirani. Nikachuchumaa, akanipanda mgongoni, nikainuka. Afande anamwambia mke wangu geuka kushoto, punga mkono, cheka, jifanye umeona shangazi yako. Na yule mwanamke akajifanya kweli. Alinipigia vigelegele sikioni, akawa anasalimia watu wasiokuwepo, anaulizia hali za nyumbani kwao. Mara mbili tulianguka kwenye mchanga wa mabaki ya ujenzi, tukabaki pale tunacheka mpaka afande mwenyewe akageuka ukutani asionekane meno. Lakini mwisho nilimzungusha uwanja mzima na kurudi, na miguu yangu ikajua jambo ambalo gunia halikuwahi kuifundisha. Mzigo ukiyumba, husimami kushindana nao. Unasubiri kidogo, unarudi katikati, ndipo unapiga hatua.

Siku yenyewe tulifika Mandawa mapema, mimi, mke wangu na afande, aliyesema anakuja kutembea tu. Shemeji yangu, yule baba mdogo wa mtoto, alikuwa kule pori linapoishia, mrefu, mkavu, jembe halijamwachia nyama. Alinisalimia vizuri, halafu akakaa karibu yangu kuliko ilivyohitajika. Nikajua dada hakuniamini mpaka mwisho. Sikumlaumu.

Mpwa wangu akatolewa. Kule walikuwa wamemlisha, alikuwa amenenepa na kurefuka. Nikachuchumaa, akapanda mabegani, akainama na kuninong'oneza, "Mjomba, nimekuwa mzito."

"Mzito ni mimi," nikamwambia. "Shika kichwa."

Tukaondoka. Ngoma mbele, wanawake wanatupa mtama na kupepea khanga, vumbi la njia ile mnalijua. Mtoto alikuwa kama afande alivyotabiri. Bibi yake akimwita anageuka, wenzake wakipita mabegani kwa wajomba zao anawanyooshea mkono, mimi nayumba, nasubiri, narudi katikati. Nusu ya njia nilikuwa vizuri. Naweza kusema kulikuwa na wajomba vijana wawili waliokuwa wanahema kuliko mimi, na nilihakikisha nimewapita.

Kisha tukafika kwenye korongo. Ni dogo tu, mvua imelichimba, chini kuna mchanga laini. Kushuka nilishuka. Kupanda upande wa pili, goti la kulia likakataa. Nikasimama katikati ya mchanga, jasho linaingia machoni, mtoto kanishika nywele. Ngoma ikatangulia, ikageuka, ikasubiri. Nilimwona dada kwa mbali upande wa juu, kashika kinywa kwa upindo wa khanga.

Shemeji akanisogelea sikioni, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Shemeji, nipe kidogo tu. Tukipanda nakurudishia. Hakuna atakayesema."

Mimi mtu wa maneno sikuwa na pumzi ya neno hata moja. Nikatikisa kichwa. Na hapo, kutoka kwenye kundi la wanawake, ikatoka sauti ya uwanja wa gwaride, kavu, haina haraka.

"Kuruta. Hatua fupi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja wao, wa wale wasiokosa wimbo, akaidaka na kuipa sauti, hatua fupi mjomba, wengine wakaitikia, hatua fupi, na mpiga ngoma akaifuata. Nikavuta pumzi kwa pua. Nikapiga hatua ya mtoto anayejifunza, nyingine, nyingine, kila moja kwa pigo la ngoma, mpaka mchanga ukawa nyuma na ardhi ngumu chini ya nyayo. Wanawake hawakuacha kuimba mpaka mlangoni. Mimi mpaka leo nikifika Mandawa naitwa kwa wimbo huo, na naitika.

Nilichuchumaa mwenyewe mbele ya mkeka, mtoto akashuka akakaa. Dada alikuja na mtungi wa maji, akauweka chini bila kunipa. Akafungua khanga yake ya begani, akanifuta jasho usoni, shingoni, taratibu, mbele ya ndugu wote wa marehemu mume wake, kama wanavyofutwa watoto.

"Nina kaka," akasema, si kwangu, kwao.

Daktari alinipima wiki ile presha mara mbili, akidhani mashine imeharibika. Nikamwambia maradhi ya wenye magari nimewaachia wenye magari.

Tulipokuwa tunarudi Nachingwea, afande alisema kazi yake imekwisha, mtoto kafika mkekani. Nikamkatalia. Nikamkumbusha habari ya yule mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwa dada siku nzima, analala, anaamka, ananikodolea macho. Naye ni wa kiume, na naye mjomba wake ni mimi.

Afande akafikiri kidogo. Akaniambia basi kesho alfajiri, na viatu vya ngozi niviache nyumbani.