Mlingoti Uliochipua

Mtu asikwambie kwamba mlima ni baraka tupu. Kwa watu wa mjini Morogoro, wanaoutazama kutoka chini huku wakinywa chai, sawa. Sisi tulioishi kwenye mikunjo ya Uluguru tuliujua kama ukuta. Miaka ile redio binafsi zilipofunguliwa, ukishuka sokoni na tenga lako la mboga ulikuta maduka yanashindana kwa muziki wa FM kutoka Dar es Salaam. Ukirudi juu nyumbani, mshale wa redio unautembeza kutoka mwanzo hadi mwisho na huambulii kitu ila shhhh.

Kukosa muziki ningevumilia. Tatizo ni kwamba mmoja wa waliokuwa wakisema kwenye hizo FM alikuwa dada yangu. Aliacha ualimu wa shule ya msingi, kazi ambayo baba aliisimulia hadi kanisani, akaenda Dar kusoma kadi za salamu redioni kila alasiri. Baba alimwambia kusalimia watu si kazi, na asirudi nyumbani mpaka apate kazi yenye jina. Dada naye ni mtoto wa baba yake. Hakurudi, na mwaka ukapita hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Halafu siku moja baba akatangaza kwamba tunahitaji antena ya nje. Eti anataka kujua bei ya kabichi Dar. Mama alinitazama, nikamtazama, tukaendelea kumenya njegere. Kwa nini bei ya kabichi isikilizwe alasiri, saa ile ile ya kadi za salamu, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tulianza na waya wa kuanikia nguo. Tukahamia kwenye mfuniko wa sufuria, baba akautoboa tundu bila kumwomba mama, na mimi ndiye niliyepandishwa juu ya bati. "Geuza! Umepitiliza, rudisha! Hapo hapo!" Nikiushika ule mfuniko, sauti ya dada inakuja kama yuko uani. Nikiuachia, shhhh. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti changu ndani, na kazi niliyopata duniani ni kuwa antena. Mvua ilininyeshea, mbu waliniuma, na kila nilipolalamika baba alisema nimetikisika. Chini, mama alikuwa akifunika wali kwa sahani na kunung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika juu ya bati.

Mwishowe fundi redio wa mjini alitutengenezea antena ya kweli, ya fito za aluminiamu, akasema iwekwe juu mahali panapotazamana na Dar. Mahali hapo tulipajua. Juu ya nyumba yetu kuna bega la mlima ambalo ukisimama unaona tambarare yote hadi kule Mikese. Lakini bega lile, kama shamba na hata kiwanja cha nyumba, lilikuwa la ukoo wa mama. Kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na mwanamume aliyeoa hulima kwa ruhusa ya wakwe. Alime mahindi, maharage, kabichi, chochote cha kuvuna na kuondoka. Kupanda mti hapana. Mti unakaa, na anayepanda mti anadai ardhi.

Kwa hiyo baba alikwenda kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaomba kusimamisha mlingoti. Mjomba alifikiri mpaka kahawa ikapoa. "Mlingoti sawa, shemeji," alisema. "Mti hapana."

Baba akakata nguzo ndefu, imenyooka vizuri, kwenye miti ile tunayochomeka kuwa ua. Mama alimwambia aimenye magome na kuikausha kwanza. Baba akasema kabichi hazisubiri. Akaichimbia ikiwa mbichi na magome yake, tukafunga antena kileleni, tukashusha waya hadi dirishani. Na ikashika! Dada alisikika wazi hata pumzi zake kati ya kadi na kadi.

Wiki zile baba alikuwa mtu mwingine. Alirudi kutoka shamba mapema, akanawa miguu, akakaa mbele ya redio kama mgeni aliyealikwa. Hakumtaja dada hata mara moja. Lakini siku moja nilipokuwa nashuka mjini alinipa kadi ya salamu, ameijaza mwenyewe, niitie posta. Kadi haina bahasha, kwa hiyo niliisoma njiani. "Salamu zimfikie msomaji wa kadi hizi. Zinatoka kwa baba yako milimani. Ujumbe: tunakupata vizuri." Jina la dada hakuandika, lake pia hakuandika. Nilikasirika. Kiburi gani hicho kisichoweza kuandika jina la mtoto wako? Lakini niliielewa. Dada akiishika mkononi angeujua mwandiko, na baba alitaka kuusikia ukimya wake kabla hajaisoma.

Tukaanza kusubiri. Na masika yakakolea, na mlingoti ukachipua.

Kwanza yalikuwa macho mawili ya kijani. Baba akanituma niyanyofoe. Wiki iliyofuata yakatoka mengine, juu nisikofika. Mama alimsihi aung'oe aweke mwingine mkavu, baba akasema si sasa, kadi inaweza kusomwa wakati wowote. Jumapili moja baada ya misa mjomba akapanda mpaka begani, akasimama mbele ya mti wenye antena kichwani na majani kiunoni.

"Shemeji," alisema, "mimi niliruhusu nini?"

"Mlingoti."

"Na huu ni nini?"

"Mlingoti," alisema baba, na jani likamgusa sikio.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimweleza mjomba habari ya dada na kadi, nikamwomba atuachie siku chache tu. Alinisikiliza kwa upole kabisa. Akasema dada ni mtoto wa ukoo na yeye anampenda, lakini mti hausikilizi sababu, unaota tu, na wajukuu watauliza ulipandwa na nani. Jioni ile vijana wa ukoo wakaung'oa. Mizizi ilikuwa imeshika vizuri kuliko redio.

Baba hakuomba tena. Niliyekwenda kwa mjomba safari hii ni mimi, na kibali kikatoka kwa nguzo ya chuma peke yake. Bomba nikalipata mjini kwa Mhindi wa vifaa vya ujenzi. Kuna mtu amewahi kubeba bomba refu kwenye njia ya mlimani? Halikunji kona. Kila penye kona tulirudi nyuma, tukalinyanyua juu ya migomba ya watu, tukatukanwa, tukaomba radhi. Mabega yangu yalichubuka. Muda wote nilikuwa nawaza kwamba huko hewani kadi imeshasomwa na hatukuwepo.

Tulilisimamisha alasiri. Baba alinawa miguu, akakaa. Redio ikashika mara moja, safi kabisa, na sauti iliyotoka haikuwa ya dada. Ilikuwa ya msichana mwingine, mchangamfu, anasema amepokea kipindi kutoka kwa mwenzake aliyehama. Baadaye tulikuja kujua kwamba dada alikwenda redio nyingine hapo hapo Dar, mpya, yenye mawimbi yasiyofika hata mjini Morogoro. Nilitamani kuling'oa lile bomba kwa meno.

"Zima, baba," nilisema.

Hakuzima. Alisikiliza kadi moja baada ya nyingine, na mimi nikabaki mlangoni nimefura. Hapo ndipo msichana yule akasoma, "Salamu zimfikie msomaji wa kadi hizi... he, si ndiyo mimi? Zinatoka kwa baba yako milimani. Ujumbe: tunakupata vizuri." Akacheka, amefurahi kweli. "Jamani, asante. Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu," alisema baba.

Nilipiga mlango ngumi. "Baba, huyo siye!"

"Najua siye." Alikuwa ameinama, anatazama miguu yake iliyonawa. "Mtoto wa watu kaniamkia. Nisiitikie?"