Lawama za Karani

Karani wa bandarini hakuwahi kusifu chochote kwenye mkahawa wetu wa Wete. Kila mchana alikuwa akiosha mikono mara mbili, anaonja mchuzi wa pweza kwa ncha ya kidole, kisha anapaza sauti kuelekea jikoni: “Bi Khairat, leo nazi umetufanyia choyo!”

“Kapike kwako, basi!” mpishi humjibu. Naye hula mpaka sahani ing'are, akaagiza chai ya tangawizi, akailaumu nayo.

Bi Khairat tulimzika Ijumaa. Hitma ilipokwisha tukafungua, nikapika mimi niliyekuwa nikimkunia nazi. Mchuzi uliungua, wateja wawili waliniambia wazi. Karani akaonja, akautazama mlango wa jikoni.

“Mzuri,” akasema, kwa sauti isiyovuka meza. Sahani akaiacha imejaa.