Mikono ya Mkulima, Sauti Yangu

Kutengeneza vyerehani nilijifunza kambini, upande wa Tanzania, katika banda la mafunzo lililoezekwa turubai. Wasichana wenzangu walikwenda pale kujifunza kushona, nami niliandikishwa pamoja nao. Lakini kila mashine ilipokwama nilikuwa nimekwisha kuilaza ubavu nikiichungulia tumboni. Mwalimu wetu, mzee aliyesumbuliwa na kikohozi, alinikemea siku za mwanzo, kisha akaniacha, kisha akaanza kunifundisha. Alikuwa na tabia ya kufumba macho mashine inapozunguka. Alituambia kwamba cherehani haifichi ugonjwa wake, na kwamba kazi ya kwanza ya fundi ni kunyamaza. Nilipoolewa, hata watu walionizidi umri walikuwa wakiniita fundi.

Iliposemwa kwamba amani imerudi, nasi tukarudi. Mume wangu alizaliwa Buhinyuza, kijijini upande wa Muyinga, akavuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake. Mimi nilizaliwa kambini. Kwa hiyo mmoja wetu alirudi, na mwingine alikwenda tu mahali asipopajua, ingawa watu wa kilimani walituita sote kwa jina moja, abahungutse, yaani waliorejea.

Kwenye shamba la marehemu baba mkwe tulikuta familia nyingine. Walikuwa wamelilima kwa miaka mingi, na walikuwa wamezika wafu wao humo. Tulikalishwa kikao baada ya kikao, mashahidi wakaitwa, mwisho likagawanywa. Wao wakabaki na migomba na nyumba, sisi tukapewa upande wa mteremko. Sikuwachukia. Mimi na mama wa familia ile tulichota maji kisima kimoja, na mara nyingine alinitwisha ndoo.

Mume wangu aliupenda ule mteremko tangu siku ya kwanza. Alichuchumaa, akavunja bonge la udongo kwa vidole, akalinusa, akacheka peke yake. Mimi jembe halikunikubali. Nilipalilia mstari mmoja wa maharage, nikanyoosha mgongo, nikajikuta natazama barabara. Vyerehani vya Buhinyuza vilikuwa vichache, na nilikuwa nimevimaliza vyote msimu wa kwanza. Mashine niliyoitengeneza haikuwa na haraka ya kurudi kwangu. Mama mkwe, aliyekuwa mpole na mwenye macho makali, alimwambia mwanawe kwa Kirundi kwamba miguu ya mkewe bado haijafika.

Nikamwachia mama mkwe na mwanawe watoto wetu, nikapanda gari la kwenda mji wa Gitega.

Nilifikia kwa binti wa shangazi yangu, katika mtaa wa Nyamugari, ambako adhana na redio za jirani zinaamshana, na Kiswahili unakisikia kila mlango. Barabarani palikuwa na duka la vitambaa la Haji, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi na yeye hajawahi kwenda huko. Barazani kwake walikaa washonaji wamepanga mashine zao mstari mmoja kama wanafunzi. Siku niliyopita pale nilisimama, nikasikia mashine ya tatu inakwaruza, nikashindwa kuondoka. Niliomba ruhusa, nikaifungua, nikaifunga. Haji alitoka na futi yake shingoni, akasikiliza kidogo, akasema, “We fundi, kaa tu hapa. Nafasi iko.”

Nikakaa. Mashine zilianza kuletwa kutoka mitaa mingine, na nyingine nilizifuata mwenyewe nikiwa na mfuko wangu wa bisibisi. Buhinyuza nilituma sabuni, chumvi, sare za shule. Nilikuwa na wasiwasi bado, maana huo nimezaliwa nao, lakini mikono ilikuwa na pa kuupeleka.

Kisha siku moja ya mvua nilipanda pikipiki kwenda mtaa wa Musinzira kwa mteja. Kwenye kona dereva alikwepa tope, tukateleza. Yeye aliinuka na mchubuko wa goti. Mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya pikipiki.

Walinifunga plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umenyooka, lakini kidole gumba na cha shahada havikutaka tena kukutana. Niliweza kubeba ndoo, sindano sikuiweza. Ile skurubu ndogo ya kikombe cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, ambayo zamani niliizungusha huku nikipiga soga, iliniponyoka ikaingia vumbini, na washonaji wote wakapiga magoti kunitafutia. Hilo la kupigiwa magoti liliniuma kuliko mfupa.

Haukupita muda akaja fundi mwingine, mwanamume mwenye adabu na vifaa vizuri. Aliniomba radhi kabla ya kukaa. Haji akaniambia nisiondoke, niingie ndani nimuuzie vitenge. Niliingia. Nilipima vitambaa, nilikunja, nilipanga upya vilivyokwisha kupangwa. Lakini barazani mashine zilikuwa zinalia, moja mkanda umelegea, nyingine meno yamejaa vumbi la uzi, nami nimekaa nyuma ya kaunta nazisikia kama mama anayesikia mtoto wake akibembelezwa na mtu mwingine. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, nazunguka soko zima, narudi, nakaa, nainuka tena. Haji alianza tu kunituma kila mahali palipohitaji kutumwa mtu.

Rafiki yangu niliyekaa naye benchi moja kambini alikuwa ameolewa Kigoma, anashona. Tulikuwa tukitumiana salamu za sauti kwenye simu. Siku moja alinitumia ujumbe mrefu wa habari za wifi zake, na nyuma ya maneno yake kulikuwa na mashine inazunguka. Nilisikiliza mara ya kwanza nikacheka habari za wifi. Mara ya pili sikusikia wifi. Nilitoka nje, nikaweka simu sikioni, nikafumba macho.

Nikamjibu: “Wifi zako tutawazungumza kesho. Hiyo sindano inagonga chini. Imepinda. Ibadilishe kabla haijakatika ikurukie jichoni.”

Alikwenda akaitazama, kisha akanipigia akinishutumu kwamba nimemwekea jicho chumbani. Sindano ilikuwa imepinda kweli. Kisha akasema, “Usikate, subiri,” nikasikia kandambili zake zikikimbia uani. Alikuwa anaipeleka simu kwenye mashine ya jirani yake.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, kabla sijajua kwamba ni kazi. Jirani akanipeleka kwa jirani yake. Wakanitia katika kundi la washonaji kwenye simu, kila mmoja na mji wake: Kigoma, Uvira, Muyinga mjini. Waliniletea kelele za mashine zao kama watu wanavyompelekea mganga mkojo kwenye kichupa. Wengine walirekodi na redio inaimba, au wanatikisa simu, nikawa mkali. Niliwaambia wafunge mlango, wauchomoe uzi, simu ilale juu ya meza, gurudumu lizungushwe kwanza kwa mkono, polepole, ndipo mguu uanze. Washonaji wengine hawakuwahi kuisikia mashine yao namna hiyo. Mmoja aliniandikia kwamba sasa inamkosesha raha, kila kishindo anakisikia. Nilimwelewa.

Aliyenisukuma hatua ya pili alikuwa Haji. Alikuwa amechoka kuniona nimesimama katikati ya duka na simu sikioni, mteja anasubiri. Nilidhani ananifukuza.

“Bon, fundi,” alisema. “Ukienda kwa muganga anakuuzia nini? Si maneno? Na unamulipa. Hii yako iko kazi, si salamu.”

Nilimwambia kwamba nitaona haya kudai malipo ya kuongea. Akasema haya hainunui unga. Basi nikaandika kwenye kundi kwamba ambaye mashine yake itapona anaweza kunitumia chochote kwa simu, na asiyenacho aniombee dua. Nilitarajia dua nyingi. Zilikuja, na pamoja nazo malipo, ya kutosha hata nikapunguza zamu za dukani, zikabaki za asubuhi tu.

Lakini masikio yana mpaka. Kuna ubovu unaohitaji kuonyeshwa, na washonaji walitaka picha zinazotembea, mikono ifanye nao waige. Nilijaribu peke yangu: simu imeegemezwa kwenye kopo, mkono wa kushoto unafanya, wa kulia unasaidia vibaya. Skurubu ikadondoka. Nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena. Nilimwomba yule fundi wa barazani aniazime mikono yake, naye hakunikatalia, ila alikuwa mwepesi mno. Nikisema “legeza,” yeye amekwisha kufungua, amekwisha kusafisha, anafunga. Aliyetazama asingejifunza kitu.

Msimu wa kuvuna maharage ulipofika nilikwenda Buhinyuza. Mtandao kule unapatikana juu ya kilima, karibu na mikaratusi. Chini shambani simu ni kioo cha kujitazamia. Nilivuna nikiwa nayo imefungwa kwenye pindo la kitenge, na kila kapu lilipojaa nilijitolea kulipeleka mimi, ili nipitie juu. Mume wangu aliniangalia nikipanda na kushuka. Jioni alisema, bila kuinua sauti, “Mwili wako ninao hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?”

Niliinama nikaendelea kupukuchua.

Kesho yake, juu ya kilima, ujumbe ulikuwa unanisubiri. Mshonaji wa Uvira alikuwa na nguo za harusi mezani, za bibi harusi na wapambe wake, na mashine imekaza, gurudumu halizunguki mbele wala nyuma. Sauti hakuwa nayo ya kunitumia, kwa sababu mashine iliyokwama iko kimya. Alichonitumia ni kilio. Alisema fundi wa karibu naye amesafiri, na mama wa bibi harusi amekaa mlangoni hatoki.

Nilijua ni uzi uliojisokota nyuma ya kikombe. Kumweleza mtu anayelia namna ya kukitoa kile kikombe bila kuvunja kitu, kwa maneno matupu, haiwezekani. Nyumbani kulikuwa na mashine yangu kuukuu, ile niliyotoka nayo kambini, imefunikwa gunia. Niliteremka mbio nikamkuta mume wangu anapeta. Nikamwambia ninahitaji mashine ipande kilimani, na ninahitaji mikono yake.

“Mikono hii?” aliuliza. Ilikuwa na udongo hadi kwenye kiwiko.

Alinawa. Akaitwika mashine kichwani, tukapanda. Tuliiweka juu ya jiwe bapa, mimi nikashika simu kwa mkono wa kushoto, inarekodi, nikaanza kusema. Hakuwa ameshika cherehani maisha yake yote. Kwa hiyo hakuthubutu kufanya lolote kabla sijalitaja. Nikisema ailaze, anailaza, anasubiri. Nikisema ageuze bisibisi kushoto, anageuza nusu, ananitazama. Vidole vyake vinene, vyenye nyufa, viliishika ile skurubu kama mtu anayeokota yai la njiwa. Wakulima waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walisimama kuangalia; mmoja akauliza kama tunachinja, wenzake wakamnyamazisha.

“Sasa kivute kwako. Polepole. Kikikataa, usikilazimishe.”

“Kimekataa.”

“Rudisha gurudumu nyuma kidogo. Haya, tena.”

Kikatoka, kikalala kiganjani mwake. Aliinua uso, na ule uso sikuwa nimeuona tangu siku aliyonusa udongo wa mteremko.

Picha ilichukua muda mrefu kupanda. Alama ya kutuma ilizunguka, ikasimama, ikazunguka. Nilitembea kutoka mkaratusi mmoja hadi mwingine, nikarudi, nikashika simu juu ya kichwa. Mume wangu alikaa kwenye nyasi, akaniambia nitachimba mtaro. Mwisho ikaenda. Tukangoja tena. Jibu lilipokuja halikuwa na neno hata moja. Ilikuwa mashine inazunguka, tena kwa kasi, na nyuma yake mwanamke anapiga vigelegele. Nadhani ni mama wa bibi harusi.

Mume wangu aliomba kusikiliza. Aliirudia. “Imepona?” akauliza.

“Imepona. Inataka mafuta.”

Aliweka tena simu sikioni, akakunja uso, akakiri kwamba yeye anasikia kelele tu.

Tangu hapo tunazitengeneza picha hizo kila nikienda Buhinyuza, na watu wengi wanazitazama kuliko nilivyowahi kufikiri. Wapo waliodhani fundi ni mwanamume mwenye sauti ya kike. Ninawaambia mikono ni ya mkulima, maneno ni yangu. Kiangazi kimoja mume wangu alikuja Gitega tujaribu kuishi pamoja mjini. Haji alimpokea kwa heshima zote, akamwita shemeji, akampa kiti barazani. Baada ya wiki mbili nilimkuta anachimbua udongo kwenye makopo ya maua ya Haji kwa kijiti. Nikamfungashia mizigo mwenyewe, arudi shambani.

Basi mimi ndiye ninayekwenda na kurudi. Watoto wamezoea, wanauliza tu ni lini, hawaulizi kwa nini. Nikiwa mjini ninawaza mteremko, na kule ninawaza simu.

Juzi mwenzetu mmoja wa kambini aliyehamishiwa nchi ya baridi, mbali sana, alinitumia sauti ya mashine yake ya umeme. Haina kanyagio la chuma wala mkanda, inanguruma mfululizo, na ndani ya mngurumo kuna kitu kama mtu anasafisha koo. Sijawahi kuifungua mashine ya aina hiyo. Nilimwomba anitumie tena, taratibu, akiwa ameuchomoa uzi. Nimeisikiliza dukani, nimeisikiliza garini nikielekea Muyinga hadi abiria mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa sikio. Ugonjwa wake bado sijaujua. Leo asubuhi nimemwambia aizime, aizungushe kwa mkono, na simu ailaze mezani.