Picha Niliyoikata Upande Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka damu hunichemka, nami ni mtu mzima mwenye mvi na dawa za presha mkobani. Jana ulikuja na kamera yako mpya, ukaniwekea picha zako za kwanza mbele ya miwani, ukaniuliza, "Shangazi, ziko aje?" Nilinyamaza, ukanuna. Ukadhani sikuzipenda. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi pia nilipokuwa kijana, nikapewa jibu tamu, na utamu wake ulitaka kumharibia mtu nyumba yake. Basi keti, nikusimulie, ndipo nikujibu.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, karani katika ofisi ya wakili katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Siku hizo watu wengi bado walikuwa wakipiga picha za filamu na kungoja studio iwasafishie. Babako alikuwa kazini Dubai, akanitumia kamera ya dijitali, ndogo, rangi ya fedha. Unapiga, unatazama hapo hapo! Nilipiga birika la mama, paka wa jirani, wenzangu ofisini wakila chapati, na maua ya jakaranda yaliyoanguka barabarani. Mama alizisifu zote. Lakini mama mzazi husifu hata uji ulioungua, na mimi nilitaka sifa za wajuzi.

Wajuzi wenyewe walikuwa wakikutana Spring Valley, mtaa wa matajiri, mara moja kwa mwezi, nyumbani kwa bwana mmoja aliyeitwa Hezron. Alikuwa na bustani ya nyasi zilizonyolewa sawasawa, na sebuleni ukuta mzima mweupe wa kuonyeshea picha. Kila mtu alileta picha tatu, wengine wakatoa maoni, Hezron akatoa hukumu. Zangu zilipotokea ukutani, hakutafuna maneno.

"Dada Rukia, hizi ni picha za kalenda ya duka la dawa. Watu wako wapi? Maumivu iko wapi? Toka nje, utuletee kitu inauma."

Watu wakacheka. Sitamdhulumu: aliniambia pia kwamba mkono wangu unatetemeka na kwamba naligeuzia jua mgongo pasipofaa, na hayo yalikuwa kweli, yakanifaa. Lakini nilirudi nyumbani masikio yakiwaka, nikiwa nimeshika neno moja tu: kitu kinachouma.

Alhamisi iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, nilitoka na kamera yangu. Kwenye ngazi za benki moja nikamwona mzee ameketi. Suti yake ilikuwa kuukuu lakini imepigwa pasi. Alikuwa amevua viatu, kofia ameiweka kando mdomo juu, kichwa ameinamisha. Mawingu yalikuwa yametanda, akanyoosha mkono nje ya paa la jengo, kiganja juu, apime kama mvua imeanza. Nikapiga.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Ubavuni mwake kulikuwa na kisanduku kipya cha viatu, na juu ya kisanduku viatu vyeusi vinang'aa. Nilivielewa palepale: mzee amenunua viatu, amevaa kutoka dukani, vimemfinya, amekaa kupumzisha vidole. Aliinua uso, akaniona na kamera yangu, akatabasamu. "Habari yako, mama. Hii viatu mpya ni kama mke mpya, lazima mzoeane kwanza." Nikacheka naye. Akavaa, akachukua kofia na kisanduku, akaenda zake. Mimi nilijua, mwanangu. Hakuna aliyenidanganya.

Mwisho wa mwezi, Spring Valley, picha ile ilipotokea ukutani watu walisogeza viti mbele. Kisha Hezron akasimama.

"Sasa hii ni picha! Angalia huo mkono. Angalia kofia. Lakini hii boksi ya viatu inaharibu kila kitu. Kata hapa."

Akanionyesha kwenye kompyuta yake. Akavuta mstari, akabofya mara moja, kisanduku na viatu vikatoweka. Pale ukutani akabaki mzee asiye na viatu, kofia wazi miguuni, mkono umenyooshwa. Mama mmoja alifuta machozi. Hezron akaipa jina: "Mwombaji". Wakapiga makofi, wakanishika mabega, wakaniambia nina jicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji, nikalikoroga, nikalinywa mwenyewe. Ningeweza kusema maneno machache tu: mzee huyu haombi, anapima mvua. Ulimi wangu, ambao siku zote hauna breki, siku hiyo ulilala.

Wakaitundika katika maonyesho yao, kwenye ukumbi mmoja mjini, kubwa kama mlango, jina langu chini yake. Nilikuwa nikipita pale kila siku baada ya kazi kujifanya nimepotea njia, nisikie watu wanasemaje.

Wiki ya pili nikiwa ofisini napanga faili, mlango ukagongwa. Akaingia mzee wa suti iliyopigwa pasi, nyuma yake msichana mwenye macho mekundu. Nilimjua kabla hajavua kofia.

"Wewe ndiye Rukia?"

"Ndimi, mzee. Karibu uketi."

"Sikukuja kuketi." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Siku ile kwa benki nilikusalimia. Nilikuona ni mtoto wa watu. Sasa niambie, uliniona nikiomba nini? Uliniona nikiomba kwa nani?"

Wakili alitokeza kichwa mlangoni kwake, akakirudisha.

"Mimi ni Kamande, fundi wa mbao. Pale Woodley uliza mtu yeyote, milango ya nyumba mingi imetoka kwa hii mikono." Akainyoosha mbele yangu yote miwili, ina makovu ya misumeno. "Hii ndiyo umeandika inaomba? Hata siku nililala njaa, sikunyosha hii mkono kwa mtu."

Binti yake, Wairimu, ndiye aliyenieleza yaliyobaki, kwa hasira. Viatu vile baba yake alivinunulia ruracio, siku ambayo wazazi wa mchumba wake, watu wa Kinoo, walikuwa waje nyumbani kuzungumzia mahari. Binamu wa mchumba alipita ukumbini, akaiona picha, akamtambua mzee. Habari ikafika Kinoo kabla ya jioni: baba wa msichana huvua viatu na kuomba mjini. Wengine walibisha, lakini unajua watu walivyo, hakosi mmoja wa kusema lisemwalo lipo. Wazazi wa kijana wakatuma ujumbe kwamba safari imeahirishwa mpaka "waulize vizuri". Jina langu wao wawili walilisoma chini ya picha, na ukumbini wakaelekezwa ofisini kwangu.

"Babangu amekataa kwenda kanisani," Wairimu akasema. "Ati watu watamwekea sarafu kwa kofia. Auntie, wewe unaweza lala?"

Mzee akamgusa mkono. "Twende. Nimeuliza swali yangu. Hana jibu."

Wakaondoka. Nikabaki nimesimama na faili mkononi, kisha nikaliacha pale sakafuni nikatoka mbio mpaka ukumbini. Hezron alikuwepo, anawatembeza wageni.

"Toa hiyo picha ya mzee," nikamwambia.

"Rukia, pole pole. Nini mbaya? Hiyo ndiyo bora kwa ukuta mzima."

"Huyo mtu haombi. Anaitwa Mzee Kamande, na ana binti anayeolewa."

Akanicheka, mwanangu. Alinicheka mbele za wageni. "Lakini hakuna mtu anamjua! Hii ni sanaa, si ushahidi wa kortini."

"Kortini," nikamjibu, "mtu akikata nusu ya ushahidi hufungwa."

Hapo alikasirika. Akasema nikiitoa picha ile nisikanyage tena Spring Valley. Nikapanda kiti cha mlinzi, nikaishusha fremu kwa mikono yangu, kioo kikanikwaruza kidevu, nikatoka nayo barabarani watu wakinitazama kama mwizi. Nilimlaani Hezron njia nzima. Mlafi wa machozi ya watu! Bwana wa nyasi zilizonyolewa! Nilipofika nyumbani, mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Na huyo Hezron alikuwepo pale benki?"

"Hakuwepo."

"Basi unamtukania nini? Wewe ndiwe uliyekiona kisanduku."

Hasira yote niliyombebesha yule bwana ikanigeukia. Mtu mzima akikukemea kwa swali, hukuachia kazi ya kujipiga mwenyewe.

Jumapili nikaenda Woodley. Nilimkuta Mzee Kamande uani kwake, anapiga randa ubao, na hakuacha kazi nilipoingia. Nikaomba radhi. Nikamwambia picha nimeishusha na kuichana. Akapiga randa mara kadhaa, maranda yakamwangukia miguuni.

"Kusamehe nitasamehe, lakini pole pole, usinikimbize. Na usifikirie kusema pole hapa uani kwangu imemaliza. Maneno yako imeenda Kinoo. Wewe utaifuata huko."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ndiye anayepaswa kupiga deki. Nilichapisha picha nzima kutoka kwenye kamera yangu, kisanduku na viatu ndani yake, nikaandamana na Wairimu mpaka Kinoo. Wazazi wa kijana walitupokea kwa chai. Nikawapa picha. Mama wa kijana akaiangalia muda mrefu, akamwona mzee, akaviona viatu.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na walipoita huyu mzee mwombaji, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njiani, maneno ya sanaa na ya ujana. Yote yalinitoka. "Walikuwa wananisifu," nikasema.

Nisingependa kukuficha: hakuna aliyenionea huruma, wala sikustahili. Baba wa kijana alinitazama kama mtu anavyotazama matope kwenye zulia, akasema watakuja, na kwamba siku hiyo mimi niwepo, niyaseme hayo hayo mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nami nilimkasirikia yeye pia, kwa siri. Walimhukumu mzee kwa kuona picha tu, bila hata mmoja wao kwenda kubisha hodi Woodley, na sasa walikuwa wameketi kama mahakimu. Sikusema. Haikuwa zamu yangu kukemea.

Siku ya ruracio nikasimama mbele ya wazee, nikayasema. Zilikuwa dakika mbili tu, ndefu kama mwaka. Mzee mmoja akatema mate nje ya dirisha, mwingine akaguna, kisha mazungumzo yakaendelea kana kwamba sikuwepo. Mzee Kamande akanijia pembeni. Nikadhani ataniambia nimesamehewa. Akasema, "Sahani ziko nyuma, mama. Kamera uache kwa mlango." Nikaosha sahani mpaka jua likazama, na picha za siku hiyo akapiga mtu mwingine. Wairimu akaolewa. Mzee alinisalimia kila tulipokutana, miaka mingi, mpaka alipotangulia mbele ya haki. Kunikaribisha nimpige picha, hakuwahi.

Sasa nikujibu, mwanangu. Ile picha yako ya mama anayeuza miwa ni nzuri, mwanga umeupata, na panga limetulia hewani kama ulivyotaka. Ile ya pikipiki imetetemeka. Shika kamera kwa mikono miwili na ubane viwiko. Hayo ni maoni ya picha, na nitakupa kila ukinijia, machungu na matamu. Lakini yule mama wa miwa anaitwa nani? Ulimwonyesha hiyo picha yake? Kando yake, pale ulipokata, palikuwa na nini? Ukishindwa kunijibu, picha hiyo usimpe mtu, hata akulipe, hata akulilie.

Wanaokusifu, wasikilize kwa sikio moja. Wanaokukosoa, wasikilize kwa mawili, lakini nao wapime, kwa maana mtu anaweza kuijua kamera asimjue binadamu. Wakikuambia ukate kitu ili picha iwe kali, jiulize kwanza kama unachokikata ndicho ukweli wa mtu. Na siku utakapoona uongo umeandikwa chini ya jina lako, nawe unajua, sema hapo hapo, makofi yangali mikononi mwao. Ukingoja yaishe, utasema mbele ya wazee.

Mola akupe jicho lenye haya na ulimi usiolala penye haki. Kila utakayemwelekezea kamera akukumbuke kwa wema, na mlango wake uwe wazi kwako ukirudi. Nenda salama, mwanangu.