Kiboko wa Shangazi Skola

Enzi zetu, mtoto wa Ifakara alijifunza kupiga debe kabla hajajua kusoma. Nasema debe lenyewe, lile la bati lililokuja na mafuta ya kula. Mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia bondeni na akina mama, tukapanda kwenye dungu, kile kichanja kilichosimama juu ya nguzo ndefu. Mchana tuliamia ndege, jioni tukamsubiri kiboko. Akitoka mtoni kuja kula mpunga, aliyemwona kwanza alipiga debe, dungu la jirani likaitikia, na la pili yake, mpaka bonde zima likawa kelele tupu na mnyama akageuza. Tulirudi mjini sauti zimekauka na matumbo yamejaa wali mpya kwa perege. Watoto wangu leo nikiwatuma kufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa, wanauliza kwanza kama simu ina chaji.

Nyumbani tuliishi na mdogo wake baba, Shangazi Skolastika, Skola kwa mji mzima. Yeye alikuwa mchoraji. Alianza na baiskeli, maana Ifakara ile bila baiskeli hukuwa mtu, na kila mwenye baiskeli alitaka jina lake au maneno ya majivuno kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya madigadi. Baadaye akachora vichwa vya kunyoa kwenye saluni, sahani za pilau kwenye mahoteli, na ramani ya Tanzania ukutani shuleni kwetu. Mto Kilombero aliuchora mnene kuliko Ziwa Nyasa. Mwalimu mkuu alipolalamika, Shangazi alimjibu kwamba kila mtu huchora kwa ukubwa wa kile anachokula. Nyumba yetu ilinuka tapentaini hata siku ya Krismasi, na baba hakuchoka kumwambia, "Skola, rangi hailiwi."

Vyama vingi vilipoingia, Shangazi alihamia kwenye siasa, ingawa fulana ya chama chochote hakuivaa. Kwenye ukuta wa nyuma ya soko alichora kiti kimoja kinachovutwa na mikono mingi. Wiki nyingine akachora wagonjwa kwenye foleni, na mbele ya foleni mbuzi wa mkubwa fulani akihudumiwa kwanza. Watu wakawa wanakwenda sokoni bila kapu, wanakwenda kuangalia ukuta.

Sasa kulikuwa na mgombea mmoja wa udiwani, sisi watoto tukimwita Mheshimiwa kabla hata hajapigiwa kura. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigilia vigingi bondeni, akasema pale pana mradi. Ndani ya vigingi hivyo lilikuwamo shamba la mama yangu, aliloachiwa na mama yake. Wenzake walilia, wengine walitukana. Mama hakusema neno. Alikuwa mtu wa kunong'ona hata akiita kuku, na mimi nilidhani amekubali.

Mheshimiwa akaja nyumbani mwenyewe. Akakalia kiti cha baba, viatu vyake vimetulia kwenye mkeka wetu, akamwambia Shangazi anataka kuchorwa kwenye ukuta wa mashine yake ya kukoboa, unaotazama uwanja wa mpira.

"Nichore kiboko yao," alisema. "Na uandike hivyo hivyo, herufi kubwa."

Mtaani maneno hayo yalikuwa sifa, yaani mtu aliyewashinda wote. Shangazi alimwuliza tena, taratibu, "Kiboko?"

"Kiboko."

Baba alifurahi mno, akamwagizia Mheshimiwa soda. Shangazi akafanya kazi nyuma ya turubai, mtu asione, na Mheshimiwa akalipenda wazo hilo. Turubai lingeshushwa siku ya mkutano.

Siku hiyo uwanja ulifurika. Watu walikuja kutoka hata Mchombe. Mheshimiwa alihutubia jukwaani, mgongo kwa ukuta, akamaliza kwa kunyoosha mikono: "Ndugu zangu, nawaomba kitu kimoja tu. Nipigieni debe." Vijana wake wakashusha turubai.

Ukutani alisimama kiboko mzima mzima, amevaa kofia ya Mheshimiwa na miwani ya Mheshimiwa, mdomo wazi, masuke ya mpunga yananing'inia kwenye meno. Pembeni lilikuwa dungu tupu. Juu ya kiboko, kwa herufi alizoziagiza mwenyewe, KIBOKO YAO. Baba alishika kichwa. Mheshimiwa, ambaye hakuwa ameona, aliendelea kutabasamu akisubiri makofi.

Ndipo nikasikia debe. Niligeuka kumtafuta mwendawazimu huyo, nikamwona mama yangu. Alikuwa amelichukua debe la mwuza karanga, amelipakata, anapiga ule mpigo wa bondeni, macho hayatoki ukutani. Kisha mikono ikafanya ilichozoea. Watoto tukapaza zile sauti za kwenye dungu, akina mama wakagonga sufuria na ndoo, na Mheshimiwa alipogeuka akajiona, uwanja mzima ulikuwa unamfukuza. Alishuka jukwaani kwa upande wa nyuma.

Shangazi alichukuliwa na polisi jioni ile ile, na mama akaitwa kesho yake. Baba alikaa mlangoni hakula. Walipoachiwa tukasikia majibu yao. Shangazi alisema, "Aliagiza kiboko." Mama alisema, "Aliomba debe." Kosa halikupatikana, ila Shangazi aliamriwa aupake ukuta chokaa kwa mkono wake. Akapaka, anapiga mluzi. Alijua, na wao hawakujua, kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Masika ya kwanza likatokea sikio, kisha jicho.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: Mheshimiwa alishinda. Shamba la mama halikurudi. Shangazi hakupewa tena ukuta wowote Ifakara, akahamia Mchombe kulima na kuandika baiskeli za watu, na huko ndiko tulikomzika.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mama, tukapita uwanjani na mwanangu wa mwisho. Vijana wa sasa wanamchora kiongozi kwenye simu asubuhi, mchana wanacheka, jioni wamesahau nani alichorwa. Mwanangu ndiye aliyeniita nitazame. Kwenye ukuta ule ule, juu ya chokaa na juu ya kiboko, palikuwa pamebandikwa picha ya mgombea wa udiwani. Ni mtoto wa Mheshimiwa, kavaa miwani ya baba yake. Chini yake imeandikwa KIBOKO YAO.

Mama aliitazama picha, kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kama nyumbani bado kuna debe.

Nikamwambia hakuna, mama. Siku hizi mafuta yanakuja kwenye madumu ya plastiki.