Jiwe Linalokamata Mtandao wa Jirani

Juzi, kwenye kibanda cha vocha mtaani Rugenge, mjini kwetu karibu na mpaka wa Burundi, mama mmoja muuza samaki wadogo wa ndagala alimwonyesha muuzaji simu yake. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya mguu wa mwanawe. Daktari wa Bujumbura alikuwa akiisubiri ili aseme kama mtoto apasuliwe siku ileile.

“Picha haipite, mama. Serikali imefunga mitandao mpaka siasa itulie.”

“Mguu wa mutoto wangu iko siasa?”

Muuzaji akamrudishia simu. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akisubiri abiria kando ya kibanda akawasha mashine. “Mama, weye iko na puce ya Burundi? Panda. Kule mpakani mtandao ya majirani inafika.”

Nami nilikuwa na makala ya kutuma, nikachukua pikipiki ya pili.

Mpakani mama alitoa laini ya kwetu akatia ile puce, laini ya Burundi, akazunguka huku na huku akiinua simu. Askari wa zamu akamjia amenyoosha kidole. Nikadhani anamfukuza.

“Mama, hapo inakata. Panda juu ya ile jiwe. Hata miye natumiaka simu pale.”

Picha ikaenda. Jibu likaja kwa sauti, tukalisikia sote: “Asipasuliwe, plasta inatosha.” Mama akakaa palepale juu ya jiwe, simu kifuani, mpaka askari akamwomba awapishe wengine.

Serikali ikifunga mtandao, sisi wa mpakani tunapanda jiwe. Mama wa kule Mulenge, mbali na mpaka, ambaye mwanawe amevunjika mguu vilevile, apande wapi? Yeye tayari yuko juu ya mlima.