Siku Niliyomlilia Mume Aliye Hai

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia ghafla nikiwa napepeta mahindi hunibidi niketi chini. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu hapa Karungu, sijamaliza hata msimu mmoja wa mvua kwa watu wa mume wangu. Nilitoka Awendo kwenye miwa nikaja kuolewa ziwani, na sikujua hata kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, bila kuwatia mchanga. Wenzangu walinicheka sana. Waliniita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, watu wa kule Awendo nilikotoka, na hilo ndilo jina nililobaki nalo. Nakuita mwanangu, Akinyi, ingawa wewe ni mtoto wa mwanangu. Kwa umri wangu mtu anaruhusiwa kuchanganya.

Jumapili ulinipigia simu ukaniuliza kama tuhame hapa ziwani kwa sababu ya maji au tusihame, nami nikashindwa kukujibu. Nikasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua, mwanangu, ni mimi sikuwa na jibu. Leo nitakujibu, lakini kwanza nivumilie nikueleze nilipopotea mimi, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, na kukosea mengi pia.

Wakati ule ziwa lilikuwa limenyima samaki, na babu yako Odongo alikuwa amekwenda Macalder kuchimba dhahabu pamoja na jirani yetu Okech, ambaye boma lake na letu yaligawana ua. Waliondoka Jumatatu ili warudi Jumamosi. Usiku wa kuamkia safari tuligombana, mimi na babu yako, juu ya jambo dogo mno hata naona haya kulitaja. Alitoka asubuhi bila kugusa uji wangu. Basi wiki nzima moyo wangu ulikuwa mzito, kila ndege akilia nasema huyo ananiletea mabaya.

Siku ya nne nikiwa ufukoni naanika omena, akatokea mchuuzi mmoja wa samaki na baiskeli yake, jasho linamtoka kama aliyetumbukia majini. Alikuwa ametoka upande wa Macalder. Akapaza sauti, "Shimo limebomoka kule! Mtu wa kijiji hiki amefunikwa!" Kisha akainama avute pumzi. Alikuwa bado na maneno mdomoni, mtu yeyote mwenye akili angeliona hilo. Mimi sikungoja. Nilitupa ungo na omena zangu zote, nikapiga nduru, nikakimbilia nyumbani.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Kwetu sisi, mke akifiwa huchukua koti la mumewe akalivaa, akakimbia nalo bomani akilia, na hapo hakuna anayehitaji kuuliza kitu. Koti limekwisha sema. Nikaingia ndani, nikatoa koti la Odongo nyuma ya mlango, nikalivaa. Mikono ilinipita hata vidole vikapotea. Nikatoka nje nikilia jina lake.

Kijiji kizima kilikuja. Wanaume walitoka mashambani na majembe na sepetu mikononi, wakaziegemeza kwenye ua wetu, wakaketi. Haraka ya nini? Mfu hakimbizwi. Mmoja akatumwa kuazima viti kanisani, wawili wakaanza kubishana kaburi litakaa wapi upande wa kulia wa nyumba. Yule mchuuzi aliingia akisukuma baiskeli, akajaribu kusema, wakamkaripia, "Nyamaza wewe, huoni kuna matanga?" Nilimsikia kwa masikio yangu haya akinyamazishwa. Sikujali.

Aliyenifikia wa kwanza kati ya wanawake alikuwa Adhiambo, mke wa Okech. Alinifunga leso kiunoni nisianguke, akanikumbatia kwa nyuma, akawa analia pamoja nami.

"Lia, nyieka," alisema, ndivyo tunavyoitana wake wa ukoo mmoja. "Lia utoe yote. Mimi niko."

Mama mkwe wangu alikuwa shamba la mbali. Tulimwita Nyar Kadem, mwanamke mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kunyanyua sauti maana hakuhitaji. Aliporudi jua lilikuwa linakaribia utosini. Mwanawe wa kwanza ametangazwa mfu, lakini hakulia. Alipita katikati ya watu akaja hadi niliposimama, akalitazama lile koti.

"Nani amemwona?" akauliza.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema amesikia kwangu, mwingine akasema amesikia kwa yule aliyesikia kwangu. Nami nilikuwa nimesikia kwa nani? Ndipo mchuuzi akapata nafasi.

"Mama, mimi sikusema mtu amekufa. Nimetumwa kuleta wanaume wa kuchimba. Yule mtu alikuwa anaitika kutoka huko chini, tulimsikia. Na si Odongo. Odongo ndiye amenituma."

"Ni nani, basi?"

Mchuuzi alimtazama mwanamke aliyekuwa amenishika kiuno, kisha akatazama chini. Mikono ya Adhiambo ilikuwa bado imenizunguka. Nikaisikia ikilegea, kidole kimoja kimoja. Mwanangu, nimezaa watoto saba na kuzika wawili, lakini sijapata tena kusikia kitu kama hicho mwilini mwangu.

Wanaume waliruka wakachukua majembe wakaenda mbio, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Ni mwendo mrefu kufika Macalder. Walifika alasiri, na Okech alitolewa jioni, amekwisha kufa. Babu yako na wenzake wachache walikuwa wakichimba kwa mikono tangu asubuhi. Alirudi hana kucha.

Je, wangefika mapema wangemkuta hai? Sijui. Wapo waliosema udongo ulimponda mapema, na kwamba kuitika kwake kulikwisha kabla mchuuzi hajafika hata nusu ya njia. Wapo waliosema aliitika hadi saa nane. Nilimuuliza babu yako mara moja tu katika maisha yetu yote. Akasema, "Usiniulize," akatoka nje. Amekufa nalo. Nami bado nalizungusha kichwani, leo naliona hivi, kesho naliona vile, na sidhani nitafika mwisho wake.

Lile koti Nyar Kadem alinivua mwenyewe. Alisema mtu aliye hai havai tena koti alilokwisha liliwa nalo. Okech hakuwa na koti, alikuwa mtu wa shati moja. Basi mama mkwe akalichukua, akavuka ua, akampelekea Adhiambo, na Adhiambo akalivaa kumlilia mumewe. Aliwezaje, sijui. Na aliwezaje kunisalimu vizuri miaka yote iliyofuata, kuniletea hata maziwa nilipojifungua baba yako, hilo nalo sijui. Ningependa angenitukana walau mara moja nipumue.

Baada ya mazishi Nyar Kadem aliniita jikoni kwake. Nilijua nitarudishwa Awendo. Alikuwa anakoroga mboga, hakunitazama.

"Sikukasirikii kwa kulia," alisema. "Mke humlilia mumewe. Lakini mtu alikuja kuomba majembe, wewe ukampa machozi."

"Mama, nilidhani..."

"Ulikuwa umekwisha ogopa kabla hajafika. Ulichukua neno moja lililofanana na hofu yako, ukakimbia nalo. Yaliyobaki ukamwachia mdomoni." Akaonja mboga, akaongeza chumvi. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole ni chako peke yako. Nenda ukalale."

Hakulisema tena mpaka alipokufa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sasa turudi kwako. Uliniambia, "Dani," maana ndivyo unavyoniita mimi bibi yako, "mimi sijui nibelieve nani. Kila mtu ako na video yake." Mwanangu, hata mimi kichwa kinaniuma. Kwenye kikundi cha kijiji cha simuni ulinionyesha picha ya Karungu yote imemezwa, mabati yanaelea. Kumbe si Karungu, wala hakuna anayejua ni wapi. Kisha ikaja sauti ya chifu wetu akisema kila mtu ahame kabla ya Ijumaa. Nikafunga nguo zangu! Siku mbili baadaye chifu mwenyewe akasimama barazani akaapa hajasema neno hilo, ni mashine imetengeneza sauti yake. Nilimtazama mdomo akisema hivyo, nikawa najiuliza kama hata huyu ni yeye. Umri huu, mwanangu, nimefika mahali pa kumshuku chifu niliyemfahamu tangu ananyonya.

Kaka yako naye anapiga simu kutoka Awendo. Miwa inakauka, mvua haiji kwa wakati wake, ikija inakuja kama imekasirishwa, lakini yeye anasema habari za ziwa kupanda ni njama za wanaotaka ardhi ya ufukoni kwa bei ya bure. Huenda wapo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mhubiri anasema ni dalili za mwisho, mvuvi anasema ziwa hupanda na kushuka tangu enzi za babu zake, na wewe unaniambia ni joto la dunia nzima. Nawasikiliza wote, kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki. Usicheke.

Lakini kuna jambo nililiona, na hili sikuonyeshwa na simu. Tangu ile sauti ya uongo, watu hapa wamegeuka wa kucheka. Ukisema maji wanacheka. Wanasema, "Hiyo ni ya mashine." Mimi nililia kabla habari haijaisha, hawa wanacheka kabla haijaisha, na sioni tofauti yetu.

Jumatatu nikachukua fimbo nikaenda ziwani mwenyewe. Kusikia si kuona. Pale tulipokuwa tukianika omena, maji yananifika magotini. Nikawauliza wazee wa ufuko, wakasema yamepanda. Nikamuuliza yule mama wa serikali anayekuja kupima maji, nikamwomba anieleze mpaka mwisho. Akasema yamepanda kweli, yanaweza kupanda zaidi mvua zikija, kiasi gani yeye hajui. Nilimpenda kwa huko kutojua kwake. Katika wote waliosema, yeye peke yake aliniambia anapoishia.

Nikirudi nikapita kwa Mzee Obura, yule kipofu anayeishi peke yake karibu kabisa na maji. Wiki mbili, mwanangu, wiki mbili tumekuwa tukibishana kama sauti ni ya chifu au si ya chifu, na Mzee Obura amelala kitanda chake kimeinuliwa juu ya matofali, maji yako mlangoni. Nilipomuuliza kwa nini hakuita mtu, alisema, "Niliita, Nyar Sakwa. Waliniambia nisisikilize uvumi."

Nilisimama pale nikatamani ardhi inimeze.

Basi jibu lako ni hili. Tunahama. Shamba letu la juu kilimani lipo, baba yako atakata mti wa kwanza wa boma jipya kama mila inavyotaka, na mimi nitaliacha kaburi la babu yako hapa chini. Inaniuma, nisikudanganye, inaniuma sana, kwani nilikuwa nimekwisha chagua pa kulala kando yake. Je, nimeamua vizuri? Huenda ziwa likashuka mwaka ujao watu wakanicheka. Wacha wacheke. Kwa kuwa sijui, heri nichekwe nikiwa kilimani. Njoo Jumamosi na kaka yako, mlete gari. Tunaanza kwa Mzee Obura. Vitu vyangu vitangoja.

Na nasaha yangu, mwanangu, kwa kuwa umeniomba na kwa kuwa ndicho kitu pekee nilicho nacho kwa wingi. Habari ikikujia, iache imalize kusema. Ile inayofanana sana na hofu yako uiamini polepole, na ile inayofanana sana na unachokipenda polepole zaidi. Uliza nani ameona, na uende ukaone mwenyewe ikiwa miguu yako inafika. Isipofika, mtafute mtu anayejua mwisho wa ujuzi wake. Usione haya kusema sijui, mimi nimelisema mara ngapi leo na bado naitwa mzee. Lakini kutojua kusikufanye ukae. Katika kila habari, ya kweli au ya uongo, tafuta ni nani anayeomba msaada ndani yake, umfikie yeye kwanza. Mambo mengine mtayabishania baadaye, mkiwa mmekaa pakavu.

Ungekuwa karibu ningekutemea mate ya baraka kichwani kama nilivyofanyiwa mimi, lakini kwa simu hayafiki. Basi yapokee kwa maneno. Nyasaye, Mungu wetu, akupe subira ya masikio na wepesi wa miguu. Akupe watu watakaokuambia ukweli hata ukiwa mchungu, nawe uwe mmoja wao. Mvua ikunyeshee kwa kipimo chake. Na siku utakapoita kutoka chini, mwanangu, juu pasikose mtu aliyenyamaza akusikie.